Mkia wa jodari, mwili wa mkunga au pezi la utepe? Ulinganisho kwa anayetaka kuunda roboti ya kuogelea

Anayepanga kuunda roboti ya kuogelea mara nyingi huanza kwa kumtaja mnyama. Mmoja anasema pomboo, mwingine papa, mwingine ngisi. Kwangu mimi huko ni kuanzia mwisho. Jiulize kwanza kazi: roboti itasafiri mbali, au itazungukazunguka mahali pamoja? Itabeba kamera isiyotakiwa kutikisika? Itapita kwenye matundu? Una mota ngapi, na viungo vingapi unaweza kuviziba visivuje? Ukishajibu hayo, mnyama wa kumuiga atajitokeza mwenyewe, na mara nyingi siye uliyemfikiria mwanzo.

Nitawapanga waogeleaji wawili wawili, maana tofauti zao huonekana vizuri wakisimama ubavu kwa ubavu. Lakini kabla ya wanyama kuna hesabu kidogo ambayo haikwepeki.

Maji mengi polepole, au machache kwa kasi?

Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Uzito huo ndio unaomzuia muogeleaji, na ndio huohuo unaompa kitu cha kusukuma. Nyangumi, bata, konyeza, wote husonga mbele kwa kuyarusha maji nyuma: momenta (uzito mara kasi) wanayoyapa maji ndiyo wanayoipata wao. Wanachotofautiana ni namna ya kuyarusha.

Chukua kilo 10 za maji uzirushe nyuma kwa mita 1 kwa sekunde. Kisha chukua kilo 1 tu uirushe kwa mita 10 kwa sekunde. Momenta ni ileile. Nishati sivyo: ya kwanza imekula jouli 5, ya pili jouli 50. Msukumo mmoja, gharama mara kumi. Hii ndiyo sababu samaki wengi wana mkia mpana unaosukuma maji mengi taratibu, na ndiyo sababu ngisi anayekimbia kwa kufyatua maji hachukui muda mrefu kuchoka. Ukiwa na betri ndogo, hesabu hii iwe mbele yako kila unapochora.

La pili ni ukinzani. Kwa mwili wa ukubwa wa samaki wa kawaida, ukinzani wa maji hupanda takriban kwa mraba wa kasi, na nishati inayohitajika kila sekunde hupanda kwa mchemraba. Ukitaka kasi mara mbili, ukinzani utakuwa mara 4 na betri italiwa mara 8 kwa kila sekunde. Kwa hiyo usijitafutie kasi ambayo kazi yako haiihitaji. Hata sifa za wanyama wenyewe zimetiwa chumvi hapa: kwa miaka mingi sulisuli alisemwa anafika zaidi ya kilomita 100 kwa saa, lakini vipimo vilivyochapishwa 2016, vilivyotokana na kasi ya misuli yake kujikunja, vilimweka karibu na mita 8 kwa sekunde, yaani kilomita 30 hivi kwa saa.

La tatu ni ukubwa. Mwaka 1883 mhandisi Osborne Reynolds alionyesha, kwa rangi iliyopita ndani ya bomba la maji, kwamba mtiririko hubadilika tabia kulingana na kasi, upana na mnato vikichukuliwa pamoja. Namba inayobeba jina lake hutwambia nani mshindi kati ya uzito wa maji na mnato wake. Samaki wa sentimita 40 anayekwenda mita 0.4 kwa sekunde ana namba ya Reynolds ya kama 160,000, kwa hiyo uzito unatawala na maji aliyoyasukuma yanaendelea kwenda hata pezi likisimama. Bakteria yuko chini sana ya 1. Kwake maji yananata kama asali, na kila kitu husimama pale pale anapoacha kusukuma. Mwanafizikia Edward Purcell aliliweka wazi hili mwaka 1977: kiumbe mdogo kiasi hicho akifungua na kufunga mwili kama kombe (aina ya chaza), atakwenda mbele kisha atarudi palepale alipotoka, hata kama anafungua taratibu na kufunga haraka. Ndiyo maana bakteria huzungusha mkia wa msokoto badala ya kupigapiga. Ukiunda kitu cha milimita chache au chini ya hapo, yote yanayofuata hapa chini yasikuongoze. Kuanzia sentimita kadhaa na kuendelea, karibu.

Jodari na mkunga

Hawa ndio samaki wawili ambao watu huwachanganya zaidi, kwa sababu wote wawili hupeleka wimbi kutoka kichwani hadi mkiani. Tofauti ni wapi wimbi linafanyia kazi.

Jodari ameuacha karibu mwili wote uwe mgumu. Mwendo wa maana uko sehemu ya nyuma tu, na mkia wenyewe umeshikwa na shingo nyembamba sana yenye vijiti vya ubapa pembeni. Mtazame kwa karibu utaona hakuna kilichowekwa bure. Shingo ile ni nyembamba ili ikipita kushoto na kulia isisukume maji ubavuni bila faida, na pia isikiyumbishe kichwa. Mkia ni mrefu kwenda juu na chini, mwembamba kwenda nyuma, wenye umbo la mwezi mwandamo, nao hufanya kazi ya bawa: ukikata maji ubavuni huzaa kani ya kunyanyua, na kani hiyo imeelekezwa mbele. Mapezi ya kifuani hulala ndani ya vifuo vyake jodari akitaka kasi. Pezi la kwanza la mgongoni huzama kwenye ufa. Utafiti wa 2017 uligundua kwamba pezi la pili la mgongoni na lile la tumboni karibu na mkia huinuliwa kwa shinikizo la limfu (majimaji ya mwilini), kama mitambo inayoendeshwa kwa shinikizo la mafuta. Samaki anayerekebisha mapezi yake kwa haidroliki!

Nyuma ya mkia huo hubaki safu mbili za visulisuli vya maji, kimoja kushoto, kimoja kulia, vikizunguka kinyume. Nguzo iliyosimama mtoni nayo huacha safu kama hizo, ila mzunguko wake ni wa upande mwingine, kwa hiyo maji ya katikati huivuta nguzo. Kwa samaki visulisuli vimegeuzwa, na katikati yake hupita mkondo unaokwenda nyuma. Huo mkondo ndio msukumo. Na samaki anajua pia kuvitumia visulisuli vya wengine. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba trauti akikaa nyuma ya nguzo kwenye mkondo hujipinda kupita kati ya visulisuli huku misuli yake ikifanya kazi kidogo mno. Mwaka 2006 likatokea la kustaajabisha zaidi: trauti aliyekufa, akifungwa kwa kamba nyuma ya nguzo kama hiyo, mwili wake laini ulitikiswa na visulisuli mpaka ukasonga mbele kuelekea mkondo unakotoka. Mzoga, bila nishati yoyote ya ndani. Mimi sijaona ushahidi bora zaidi wa kwamba ulaini wa mwili ni sehemu ya mashine, na kwamba anayeunda samaki mgumu mwenye bawaba moja nyuma anaitupa nusu ya faida.

Mkunga amefanya kinyume cha jodari. Mwili wote ni mkia. Wimbi hupita mwili mzima, na sharti lake ni moja: lazima likimbie nyuma kwa kasi kuliko mkunga anavyokwenda mbele, la sivyo hakuna msukumo. Vipimo vya 2004 vilionyesha kwamba nyuma ya mkunga anayekwenda kwa mwendo wa kawaida, maji hurushwa zaidi pembeni kuliko nyuma. Ukiishia hapo utasema huyu anapoteza nishati. Wengi waliishia hapo. Lakini mkunga wa Ulaya huenda kuzaa katika Bahari ya Sargasso, safari ya kilomita 5,500 hivi, bila kula. Wanasayansi waliowaogelesha mikunga kwenye mifereji ya maabara walichapisha mwaka 2005 kwamba mikunga hutumia nishati kwa ufanisi mara 4 hadi 6 kuliko samaki wasio na umbo lao. Sehemu ya maelezo ilikuja baadaye: wimbi la mwili hutengeneza maeneo yenye shinikizo dogo mbele ya kila mkunjo, na mnyama hujivuta kuyaingia. Kumbe hasukumi tu, anavutwa.

Uchague yupi? Kwa mwendo wa kasi ulionyooka, jodari, bila kusita. Roboti ya kwanza ya namna hiyo iliundwa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, miaka ya 1990, na roboti ya Tunabot ya mwaka 2019 ilipiga mkia hadi mara 15 kwa sekunde. Lakini jodari hawezi kurudi nyuma, hugeuka kwa duara pana, na akisimama hana anachoweza kufanya. Mkunga hurudi nyuma kwa kugeuza tu mwelekeo wa wimbi, hupita pembamba, na hujikunja. Kwa ukaguzi wa mabomba na nguzo za chini ya bahari ndiye wa kufikiria. Gharama yake ni viungo. Kila kiungo ni mota yake, waya wake na mpira wake wa kuzuia maji, na kila kimoja ni mahali pa kuvuja. Waundaji wa Eelume ya Norwei, roboti yenye umbo la nyoka, waliamua kuiongezea rafadha (propela) mwilini. Hilo lenyewe linakwambia ugumu ulivyo.

Pezi la utepe na makasia ya kasa

Hapa tunahama kutoka kasi kwenda kwenye udhibiti, na kwa maoni yangu kundi hili halipewi heshima linayostahili.

Kuna samaki wa mito ya Amerika ya Kusini, mwembamba kama kisu, mwenye pezi moja refu linalopita chini ya tumbo kutoka karibu na kichwa hadi nyuma. Mwili haupindi kabisa. Kinachocheza ni pezi, linalopitisha mawimbi kama utepe. Anauweka mwili umenyooka kwa sababu anahisi mazingira yake kwa umeme dhaifu anaoutoa, na mwili ukijipinda, picha ya umeme inavurugika. Soma sababu hiyo mara mbili kama roboti yako inabeba kamera au kifaa cha kupimia. Roboti yenye mkia huitikisa kamera kushoto na kulia kwa kila pigo, kwa kuwa mkia ukienda huku kichwa kinakwenda kule. Pezi la utepe halina shida hiyo.

Anachofanya na pezi hilo kinavutia zaidi. Wimbi likitoka mbele kwenda nyuma, anakwenda mbele. Likigeuzwa, anarudi nyuma bila kugeuka. Mara nyingi hupitisha mawimbi mawili kutoka ncha zote mbili yakutane katikati; kwa kuhamisha mahali pa kukutana anasogea mbele au nyuma sentimita chache na kusimama imara hapohapo. Utaona kama ni upotevu, mawimbi mawili kupingana, lakini upinzani huo ndio unaompa utulivu na wepesi kwa pamoja. Roboti ya Chuo Kikuu cha Northwestern iliyomuiga samaki huyu ilihitaji mota 32, moja kwa kila mwiba wa pezi. Unaweza kupunguza, kwa kutumia mhimili mmoja wenye vipande vilivyopishana, ila utapoteza ule uwezo wa mawimbi kukutana.

Makasia ni njia ya kasa, ngwini na simba wa bahari. Hayasukumi maji kama kasia la mtumbwi, yanapaa majini kama mabawa. Ngwini hupata msukumo akishusha bawa na akilipandisha pia. Faida yake kwa muundaji ni kwamba makasia manne yenye mota nne tu hukupa mwendo wa pande zote na kugeuka papo hapo. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Tallinn, Estonia, kilitengeneza U-CAT kwa mtindo huo ili iingie ndani ya meli zilizozama, ambako rafadha ingetibua tope na kuipofusha kamera.

Ukitumia makasia manne, shughulikia mpangilio wa wakati. Majaribio ya 2017 juu ya plesiosauri, reptilia wa bahari waliokwisha kutoweka, yalionyesha kwamba makasia ya nyuma yakipiga kwa wakati ufaao ndani ya visulisuli vya yale ya mbele, msukumo wake unaweza kuongezeka hadi asilimia 60. Mota hazijaongezwa, betri haijabadilishwa, ni kupanga tu nani apige lini. Na ukipenda kuchonga ukingo wa kasia, mtazame nyangumi mwenye nundu: vibonge vilivyo kwenye ukingo wa mbele wa pezi lake, vilipojaribiwa kwenye modeli mwaka 2004, vilichelewesha kwa kama asilimia 40 ile pembe ambayo bawa huishiwa nguvu ghafla.

Ngisi na konyeza

Wote wawili hufyatua maji. Hapo ndipo ufanano unapoishia.

Ngisi hujaza maji kwenye uwazi ulio ndani ya mwili wake, hukaza misuli, na kuyatoa kwa tundu jembamba. Machache kwa kasi: ule upande wa ghali wa hesabu yetu. Zaidi ya hapo, wakati wa kujaza tena hakuna msukumo wowote. Yeye mwenyewe anapotembea taratibu hutumia mapezi yake, akaubakiza mfyatuko kwa kumkimbia adui. Fuata busara hiyohiyo. Ukiulazimisha mfyatuko, usiutoe mrefu: majaribio ya 1998 yalionyesha kwamba nguzo ya maji inayotoka kwenye tundu hujikunja kuwa pete moja ya kisulisuli mpaka urefu wake ufike kama mara 4 ya upana wa tundu. Kinachotoka baada ya hapo hakiingii kwenye pete, kinafuata nyuma kama mkia.

Konyeza mpana, yule anayefanana na mwavuli, hana haraka. Anaukunja mwavuli na kuuacha ujifungue wenyewe kwa unyumbufu wake. Katika kujifungua huko, kisulisuli cha pili huzungukia chini ya mwavuli na kumsukuma juu wakati misuli yake imepumzika. Utafiti wa 2013 ulikuta kwamba nyongeza hiyo ya bure humpeleka asilimia 30 mbali zaidi kwa kila pigo. Kwa nishati kwa kila kilo na kila mita, ni miongoni mwa waogeleaji wa bei nafuu kabisa waliopimwa. Kwa kifaa cha kupima joto na chumvi kinachotakiwa kuelea majini kwa muda mrefu bila kujali mkondo unakipeleka wapi, sioni mpinzani wake. Kwa kazi inayohitaji kufika mahali fulani kwa saa fulani, msahau.

Kabla ya kunakili ngozi na umbo

Mwanabiolojia James Gray alikadiria mwaka 1936 kwamba pomboo angehitaji misuli yenye nguvu mara saba ya ile aliyodhaniwa kuwa nayo, na kwa miongo mingi watu wakatafuta siri katika ngozi yake. Vipimo vya maji nyuma ya pomboo hai, vilivyochapishwa 2014, vilionyesha kwamba nguvu anayo tele. Siri haikuwa kwenye ngozi. Ya papa ni tofauti kidogo: vijino vya ngozi yake viliongeza kasi kwa kama asilimia 12 katika jaribio la 2012, lakini juu ya bapa laini linalojipinda, si juu ya kitu kigumu. Vilevile Mercedes-Benz ilipoonyesha mwaka 2005 gari lenye umbo la samaki-sanduku, wengi waliamini samaki huyo hukata maji kwa urahisi wa ajabu. Watafiti wa 2015 walikuta ukinzani wake ni mkubwa na umbo lake humyumbisha, jambo linalomsaidia kugeuka upesi kwenye matumbawe. Umbo lake ni jibu la swali lingine.

Rafadha nayo isidharauliwe. Rafadha kubwa iliyoundwa vizuri ina ufanisi mzuri sana kwenye mwendo wa kasi moja ulionyooka. Mnyama hushinda pale penye tope, majani, kelele isiyotakiwa, kugeuka ghafla, au viumbe wasiotakiwa kushtuliwa. SoFi, samaki laini wa MIT wa mwaka 2018, aliogelea kwenye matumbawe ya Fiji karibu na samaki halisi kwa sababu hiyo ya mwisho.

Mimi ningechagua nini

Kwa mwenye mota moja au mbili na anayeanza: mkia, lakini wa samaki wa kawaida, si wa jodari. Mwili mgumu mbele, theluthi ya nyuma iwe ya silikoni inayojipinda yenyewe, pezi la plastiki mwishoni. Kwa kamera na kazi ya karibu: makasia manne ikiwa bajeti ni ndogo, pezi la utepe ikiwa una mota na subira. Mkunga ningemwacha mpaka uwe umeshazoea kuziba maji.

Ukiuchagua mkia, hesabu ya kuanzia ni hii. Zidisha idadi ya mapigo kwa sekunde (pigo moja ni kwenda na kurudi) na upana wa safari ya ncha ya mkia, kisha gawanya kwa kasi. Hiyo ndiyo namba ya Strouhal, na samaki, pomboo, hata ndege wanaopaa, wengi hukaa kati ya 0.2 na 0.4. Tuseme roboti ina sentimita 40, mkia unasafiri sentimita 8 kutoka ncha hadi ncha, na unataka mita 0.4 kwa sekunde. Kwa namba ya 0.3 utahitaji pigo 1.5 kwa sekunde. Kila pigo litakuwa limeisogeza sentimita 27 hivi, karibu theluthi mbili za urefu wake, na hapo ndipo samaki wengi walio hai hupimwa.

Iweke majini, uirekodi kwa simu kutoka juu, hesabu mapigo na umbali. Namba ikitoka 0.6 au zaidi, usikimbilie mota kubwa. Mwili una ukinzani mwingi kuliko mkia unavyoweza kuubeba: lainisha kwanza maungio, ficha waya, kisha ongeza kimo cha pezi la mkia na urudie kipimo.